Ngozi haijapitwa na wakati, sisi ndio tunauziwa plastiki

Vijana wenzangu wa Shimoni na vijiji vya jirani, hebu leo tusemezane kuhusu viatu. Najua yapo mazito zaidi: ajira kwenye bandari ya uvuvi, bei ya mafuta ya boti, wenzetu wanaomalizwa na dawa za kulevya maskani. Lakini kiatu nacho ni jambo. Mwanamume wa Pwani anaweza kuvaa kanzu ya kuazima na asijulikane. Kiatu cha kuazima hukusengenya hapo hapo, maana ama kinabana ama kinapwaya.

Kila Idd ikikaribia, na kila msimu wa harusi, naona mchezo ule ule. Barobaro anapanda matatu hadi Ukunda, mwenye nauli zaidi anavuka feri hadi Kongowea, anarudi na viatu vyeusi vinavyong'aa hadi unajiona usoni. Ngozi orijino, muuzaji kaapa. Siku ya Idd anapendeza kwelikweli. Miezi mitatu baadaye kiatu kinaanza kubambuka, vipande vinadondoka kama mgongo wa mtalii aliyelala juani Diani kutwa nzima. Hapo jamaa anatoa hukumu: ngozi imepitwa na wakati bwana, bora nivae raba.

Hukumu hiyo siikubali. Ngozi inatukanwa kwa kosa la plastiki.

Kitu kinachobambuka namna ile hakijawahi kutembea malishoni. Ni kitambaa kilichopakwa tabaka jembamba la plastiki, mara nyingi poliyurethani, kisha kikapigwa chapa ya vinyweleo ili kifanane na ngozi. Tabaka hilo lina adui mmoja mkubwa, nao ni unyevu. Mvuke wa hewani tu unatosha kulivunjavunja polepole, hata kama kiatu kimelala kabatini hukukivaa. Sasa tazama tunakoishi. Shimoni bahari iko mbele, mikoko ubavuni, na mwezi wa Mei hata chumvi ya mezani inageuka tope. Yaani mtu akae kiwandani atengeneze kiatu cha kuharibika haraka, hatapata mahali pazuri pa kukileta kuliko hapa kwetu.

Ngozi yenyewe haina tabaka la kubanduka. Ni nyuzi zilizosokotana tangu mnyama akiwa hai, nazo zinapumua, zinanyooka, zinachukua umbo la mguu wako. Siku za mwanzo itakukwaruza kidogo, kisha mtazoeana. Soli ikiisha inashonwa nyingine. Gidamu ikikatika fundi anaitia nyingine ukingoja. Plastiki ikishabambuka utamwambia fundi nini? Akupakie rangi?

Kuitambua si kazi. Tazama ukingo uliokatwa, pale ndani karibu na kisigino, au kwenye tundu la mshipi. Ukiona kitambaa au sponji chini ya kitu kinachong'aa, hiyo ni plastiki. Ukingo wa ngozi una nyuzi nyuzi kama kamba iliyokatwa kwa kisu. Bonyeza kwa kidole gumba: ngozi hufanya mikunjo midogo isiyofanana, plastiki hubonyea yote kwa pamoja. Dondosha tone la maji upande wa ndani, ngozi italinywa taratibu. Muuzaji akikukataza kufanya haya, ushapata jibu lako, rudisha pesa mfukoni.

Mtu ataniuliza, kiatu tu, mbona unahangaika hivi? Nahangaika kwa sababu kwenye pwani hii kiatu cha ngozi hakikuwa pambo tu. Kilikuwa kinasema nani ni mtu na nani si mtu.

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona jambo ambalo hakulisahau. Baada ya sala ya Ijumaa mtawala wa mji alivaa viatu vyake, akamwamuru kadhi avae vyake na mgeni avae vyake, wakatoka kwa miguu kuelekea ikulu. Wengine wote walioandamana nao walikuwa miguu mitupu. Umati mzima, na waliovaa viatu unawahesabu kwa vidole.

Huku kwetu nako hakukuwa mbali na hayo. Vumba Kuu, mji wa mababu wa Wavumba waliokuja kukaa Wasini na Vanga, ulitawaliwa na Madiwani. Wanahistoria walioandika juu yake, tangu A. C. Hollis mwaka 1900, wanaueleza kama mji uliojaa miiko ya mavazi na makazi. Viatu, kilemba, hata mlango wa nyumba, vilikuwa na wenyewe. Hukuamka tu asubuhi ukaamua leo natoka na makubadhi.

Halafu kuna pango. Sote tunalijua pango la Shimoni, tumepeleka wageni humo, tumewaonyesha vyuma vilivyobaki ukutani na kuwasimulia watu waliofungiwa humo wakingoja majahazi. Jambo ambalo hatulisimulii sana ni kilichofuata kwa wale waliobaki kuwa watumwa kwenye miji na mashamba ya pwani. Mtumwa alitambulika kwa vitu alivyokosa. Unguja, kwa mfano, mwanamume mtumwa hakutakiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu, na nguo yake ilikuwa kipande cha merikani ya bei ya chini. Utumwa ulipopoteza nguvu ya kisheria Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907, watu hao hawakungoja semina ya mtu. Walikwenda kutafuta kanzu, kofia na viatu. Huenda babu wa babu wa mtu mmoja hapa kijijini alinunua makubadhi kabla hajanunua kitanda, na mimi simlaumu hata kidogo.

Wakoloni nao walikuja na yao. Januari 1915 Waingereza na Wajerumani walipopigana Jasini, ng'ambo kidogo tu ya Vanga, askari weusi wa KAR enzi hizo kwa kawaida walitembea miguu mitupu, na maafisa wao Wazungu wakiwa ndani ya buti za ngozi. Jeshi moja, jua moja, miiba ile ile.

Kwa hiyo nikimsikia barobaro anasema makubadhi ni ya wazee, nacheka. Hao wazee walivaa kitu ambacho wazazi wao walinyimwa.

Na si makubadhi peke yake. Ukihesabu vizuri, mwanaume wa Mswahili alizungukwa na ngozi toka kichwani hadi miguuni, ila tumezoea hatuoni. Ala ya jambia ya bwana harusi. Mshipi wa kiunoni. Hirizi iliyoshonewa ndani ya kipande cha ngozi ikafungwa mkononi (sisemi kama inafaa au haifai, nasema ilishonwa vizuri). Ngozi ya mbuzi ikipata bahati huwambwa ngoma ya sengenya. Na ule usemi wa kwamba ngozi ivute ingali maji hakuutunga mwalimu wa shule. Ulitoka kwa watu waliojua kwamba ikishakauka haivutiki tena.

Leo umbo limebadilika, kitu ni kile kile. Kiatu cha kwanza cha ngozi kwa wavulana wengi wa Kenya ni kile cheusi cha shule, Toughees za Bata kutoka Limuru kwa waliojaliwa, kikipakwa kiwi Jumapili jioni hadi vidole vinakuwa vyeusi. Kisha makubadhi au viatu vya wazi vya Kiarabu siku ya Idd, mara nyingi mjomba kavileta kutoka Muscat au Dubai. Kisha viatu vya kamba siku ya kwenda kuomba kazi. Mshipi. Pochi inayochukua umbo la kitambulisho chako. Koti la ngozi, ambalo lilianza kama vazi la kazi la marubani na waendesha pikipiki, lilipata sifa duniani Marlon Brando alipolivaa kwenye sinema ya mwaka 1953, na mpaka leo kila kizazi cha wanaume kinadhani kimeligundua chenyewe. Bodaboda wa Kanana anayelivaa saa saba mchana namheshimu, na akianguka lami atashukuru, lakini simuigi. Joto letu halina mzaha.

Ngozi imedumu kwa sababu inazeeka vizuri. Vitu vingine tunavyovaa huanza kufa siku tunayovinunua. Mshipi wa ngozi wenye miaka kumi unaonekana wa mtu mwenye historia, ilhali mshipi wa plastiki wenye mwaka mmoja unaonekana wa mtu mwenye shida.

Najua hoja ya bei inakuja, na ni ya haki. Makubadhi mazuri ya mkono au viatu vya ngozi kamili vinagharimu, na mvuvi hapati mshahara tarehe thelathini. Lakini tupige hesabu pamoja. Tuseme viatu vya plastiki ni shilingi 1,200 na unabadilisha mara tatu kwa mwaka. Hizo ni 3,600. Tuseme vya ngozi ni 3,500, na kila mwaka unampa fundi 300 za soli na kushonea. Mwaka wa kwanza umezidiwa kidogo. Mwaka wa pili mwenzako anatoa 3,600 nyingine na wewe unatoa 300. Wa tatu vivyo hivyo. Anayelipa nyingi ni nani hapo? Tena sehemu ya pesa yako imebaki kijijini, kwa fundi anayekaa chini ya mwembe na msharasi wake.

Sisemi mvuvi aende baharini na ngozi. Nani huyo? Ngomeni ni kandambili, akala au miguu mitupu, basi. Maji ya chumvi ni adui wa ngozi, huikausha ikawa ngumu kama papa mkavu. Nazungumzia kiatu cha msikitini, cha harusi, cha ofisini, cha kumtembelea mkwe.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniuma.

Kwale si maskini wa ngozi. Panda Kinango, pita Samburu, shuka Lungalunga, utakutana na ng'ombe na mbuzi njia nzima. Kila siku wanachinjwa Ukunda, Msambweni, Kombani. Ila njoo ufukweni Diani, kwenye vibanda vya vitu vya watalii, uulize zile ndara za ngozi zenye shanga zimetoka wapi. Mara nyingi jibu ni bara. Nairobi kuna soko zima la Kariokor ambako watu wanaishi kwa kukata na kushona ngozi, mishipi, mikoba na ndara. Thika kuna kituo cha kufundisha utengenezaji wa viatu. Kinanie, kaunti ya Machakos, serikali imejenga eneo maalumu la viwanda vya ngozi. Sisi tuna mnyama, tuna mtalii, tuna Idd mbili kwa mwaka, na bado tunanunua plastiki.

Na Kenya yenyewe, tusijidanganye, kwa miaka mingi imeuza nje ngozi nyingi zikiwa zimefanyiwa kazi nusu tu, zile za rangi ya buluu zilizotiwa dawa ya kromu zisioze. Faida kubwa iko mbele ya hapo, kwa anayeikausha, kuilainisha, kuitia rangi na kuikata ikawa kiatu. Tunauza unga, tunanunua mkate. Mbaya zaidi, ngozi nyingi zetu hushushwa daraja kabla hata ya kufika kiwandani, kwa sababu ya mnyama kuchomwa alama mgongoni au mchinjaji kuchuna kwa pupa na kuacha matundu ya kisu. Tundu moja katikati, na kipande ambacho kingetoa pea nzima kinatoa kishikio cha funguo.

Siku mbaya kuliko zote kwa ngozi ni Idd kubwa. Mbuzi na ng'ombe wanachinjwa kila mtaa, nyama inagawiwa kwa utaratibu mzuri, kisha ngozi inatupwa, inafukiwa, au inaachiwa mbwa. Sababu moja ni dini kueleweka nusu. Tumefundishwa kwamba mwenye kuchinja haruhusiwi kuuza ngozi ya mnyama wake wa sadaka wala kumlipa mchinjaji kwa hiyo ngozi, nalo ni kweli. Lakini kutouza si kutupa. Anaweza kuitumia mwenyewe, na anaweza kuitoa sadaka. Na mafunzo yapo wazi kwamba ngozi ya mnyama ikishatengenezwa, ikadabighiwa, ni safi kutumika. Kikundi cha vijana wasio na kazi kikiomba ngozi hizo msikitini kama sadaka, kuna imamu gani wa hapa kwetu atakataa? Waulizeni maimamu wenu, wao wanajua kuliko mimi.

Kutengeneza je, hapa hapa? Inawezekana, na si kitu kigeni. Magome ya mikoko ya pwani yetu yalisafirishwa ng'ambo enzi za ukoloni kwa sababu hiyo tu, kwamba yana dawa kali ya kutengenezea ngozi. Mkandaa hasa. Ila msichukue shoka. Mikoko ya Gazi, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na ile ya Vanga sasa inaleta pesa za hewa ya kaboni ikiwa imesimama, na samaki wetu wanazaliana humo. Kuna magome ya muwati kutoka bara yanayofanya kazi hiyo hiyo, na muwati unapandwa kwa kuvunwa. Inachukua wiki nyingi kuliko kromu, lakini haina kromu ya kumwagika mtoni. Nasisitiza hilo la maji kwa sababu viwanda vya ngozi vina sifa mbaya ya uchafuzi, na hiyo sifa haikuonewa. Anayetaka kuleta pipa la kromu karibu na hifadhi ya Kisite na Mpunguti nitakuwa wa kwanza kumpinga, hata akiniletea makubadhi ya bure.

Kuna rafiki zangu wanaofanya kazi mahotelini Diani wamerudi na hoja nyingine, ya wageni wasiokula nyama, kwamba kuvaa ngozi ni ukatili. Mtu asiyekula nyama akakataa na ngozi, namwelewa, ana msimamo. Lakini sisi pilau tunakula. Mbuzi keshachinjwa, biriani ishaliwa, kisha tunaitupa ngozi na kununua plastiki iliyotokana na mafuta ya petroli kwa kumhurumia mbuzi? Na ile plastiki ikibambuka inaishia wapi? Tembeeni pale gatini maji yakitoka, mtaiona.

Kwa serikali ya kaunti nina ombi dogo, sina hotuba. Vyuo vyetu vya ufundi vinatoa mafundi wa cherehani, umeme na magari, na ni sawa. Wekeni na ngozi. Meza chache, visu vizuri, mashine mbili za kushonea vitu vizito, na fundi mmoja kutoka Lamu ambako makubadhi bado yanashonwa. Kijana wa Shimoni anayeweza kumshonea mtalii ndara saa anapokula kaa Wasini, akaikuta tayari akishuka boti, hatakaa maskani muda mrefu.

Na kwa wewe ambaye tayari una kitu cha ngozi, tafadhali usikiue. Kikilowa maji ya bahari, kisuuze kwa maji baridi, kikaushe kivulini, usikianike bati la moto. Usikihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, utakuta kimeota ukungu wa kijani. Mwezi wa masika kitoe nje kipigwe na upepo, kifute, kipake mafuta kidogo sana kwa kitambaa. Mafuta ya nazi yanafaa kwa dharura, ila yatakifanya cheusi zaidi, usije ukasema sikukwambia.

Hizo ngozi za Idd nazo zina saa zake, hasa kwa joto letu. Zikilala mpaka asubuhi zimeshaanza kuoza, manyoya yanachomoka mkononi. Kwa hiyo kikundi chochote kitakachojitokeza kiwe na watu wawili kila mtaa, wenye visu visivyo na ncha kali, wamsaidie mchinjaji kuchuna kwa ngumi badala ya kisu. Ngozi ioshwe damu, itandazwe kivulini upande wa nyama ukiwa juu, isuguliwe chumvi ya mawe mpaka pembeni, takriban kilo moja kwa ngozi ya mbuzi. Chumvi inatoka Gongoni hapo Kilifi, haiji na meli. Yote hayo yawe yamekwisha kabla ya adhuhuri, kisha watu wakale pilau.